Kwa nini kurudi nyuma kwa Prolog ni kugumu kufuatilia hata programu inapokuwa fupi?

kigeu_huru ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninajifunza Prolog, lugha ya programu za mantiki, baada ya kuzoea kwa muda mrefu lugha ambazo amri hutekelezwa moja baada ya nyingine. Nimefika mahali ambapo ninaweza kusoma programu ya mtu mwingine na kueleza inasema nini, lakini bado siwezi kutabiri itafanya nini. Tatizo linajitokeza hata kwenye programu ndogo kama hii:

```
namba(1).
namba(2).
namba(3).

jozi(X, Y) :-
    namba(X),
    namba(Y),
    X > Y,
    X + Y =:= 5.
```

Nikiisoma kama maelezo tu, haina utata wowote: X na Y ni jozi iwapo zote mbili zimo kati ya namba zilizotajwa, X ni kubwa kuliko Y, na jumla yao ni 5. Nikiuliza `?- jozi(X, Y).` ninapata X = 3, Y = 2, jibu ambalo mtu angelipata hata bila kompyuta. Lakini nikiongeza `write(X-Y), nl` mara baada ya `namba(Y)` ili nione kinachoendelea, skrini inaandika mistari minane kabla ya jibu: 1-1, 1-2, 1-3, 2-1 na kuendelea hadi 3-2. Kisha nikibonyeza nukta mkato kuomba jibu jingine, unajitokeza mstari wa 3-3 na mfumo unasema `false`, ilhali jibu sahihi lilikwisha kutolewa.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, sharti linaposhindwa, mfumo unajuaje pa kurudi, na kwa nini unahangaika na Y wakati ni dhahiri kwamba X = 1 haiwezi kufaa kamwe? Pili, tumeambiwa kwamba kigeu katika Prolog hakibadilishwi thamani, lakini hapa nimeona kwa macho yangu X ikiwa 1, kisha 2, kisha 3. Tatu, hiyo `false` ya mwisho inakanusha nini hasa?

---

fundi_msimbo amejibu:

Ndugu kigeu_huru, maswali yako matatu yana shina moja. Katika lugha ulizozizoea, fanksheni huitwa, hufanya kazi yake, hurudisha jibu, na habari yake inakwisha; aliyeiita hana haja ya kuikumbuka tena. Katika Prolog, lengo (yaani kila sharti ambalo mfumo unajaribu kulitimiza, kama `namba(X)`) lililokwisha kufaulu linaweza kuingiwa upya kwa mlango wa nyuma, muda mrefu baadaye, kwa sababu ya tukio lililotokea mbali kabisa na pale lilipoandikwa. Hakuna alama yoyote katika maandishi ya programu inayokuonya kwamba `namba(Y)` itaingiwa tena baada ya `X > Y` kushindwa. Unachokisoma ni masharti, na safari ya kuyatafutia majibu haikuandikwa popote. Inaundwa wakati wa utekelezaji, ndani ya staki usiyoiona, yaani rundo la kumbukumbu ambalo kilichowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza.

Hiyo staki ndiyo inayojibu swali lako la kwanza. Kila mara lengo linapoweza kutimizwa na zaidi ya kanuni moja (kama mistari mitatu ya `namba` katika programu yako), mfumo huchukua ile ya kwanza kwa mpangilio wa faili, na kabla ya kusonga mbele huweka kumbukumbu ya njia panda: nilikuwa hapa, na kanuni zilizobaki ni hizi. Lengo lolote likishindwa baadaye, mfumo hauulizi limeshindwa kwa nini. Unarudi kwenye njia panda iliyowekwa mwisho kabisa, unachukua kanuni inayofuata, na kuendelea mbele kutoka hapo. Kwa kuwa `namba(Y)` iliitwa baada ya `namba(X)`, njia panda yake iko juu ya staki, na ndiyo itakayoguswa kwanza hata kama kosa lote ni la X.

Njia bora ninayoijua ya kuona jambo hili ni ile aliyoieleza Lawrence Byrd mwaka 1980, ya kulichukulia kila lengo kuwa sanduku lenye milango minne. Kuna mlango wa kuingilia mara ya kwanza, mlango wa kutokea kwa kufaulu, mlango wa kuingilia tena kutoka nyuma, na mlango wa kutokea kwa kushindwa. Ukiandika `trace.` kabla ya swali lako, majina utakayoyaona kwenye skrini, yaani Call, Exit, Redo na Fail, ni ya milango hiyo. Hapa chini ni kipande cha programu yako kuanzia pale X inapokuwa 2. Nimeondoa namba za mistari ili isomeke kwa urahisi:

```
Exit: namba(2)        X = 2
Call: namba(Y)
Exit: namba(1)        Y = 1
Call: 2 > 1
Exit: 2 > 1
Call: 2 + 1 =:= 5
Fail: 2 + 1 =:= 5
Redo: namba(Y)
Exit: namba(2)        Y = 2
Call: 2 > 2
Fail: 2 > 2
Redo: namba(Y)
Exit: namba(3)        Y = 3
Call: 2 > 3
Fail: 2 > 3
Redo: namba(X)
Exit: namba(3)        X = 3
```

Tazama mstari wa Redo wa kwanza. Kilichoshindwa ni `2 + 1 =:= 5`, na kati yake na `namba(Y)` kuna `2 > 1` iliyofaulu; mfumo umeiruka bila kuiuliza chochote, kwa sababu ulinganisho hauna njia ya pili ya kufaulu na kwa hiyo hauachi njia panda. Tazama pia Redo ya mwisho. Y ilipochukua 3, kanuni za `namba` ziliisha, njia panda yake ikaondolewa kwenye staki, na ndiyo maana kushindwa kulikofuata kuliangukia moja kwa moja kwa X. Mtu anayesoma programu kutoka juu kwenda chini hawezi kuiona miruko hii miwili kwa kusoma tu.

Kuhusu swali la pili, X haikubadilishwa kutoka 1 kuwa 2. Ilivuliwa thamani kwanza. Mfumo unapokipa kigeu thamani huku kukiwa na njia panda nyuma yake, huandika katika orodha ya pembeni kwamba kigeu hicho kilikuwa huru. Ukirudi kwenye njia panda hiyo, unaipitia orodha na kuvivua thamani vigeu vyote vilivyoguswa tangu hapo. Usanifu wa mashine aliouchapisha David H. D. Warren mwaka 1983, ambao mifumo mingi ya Prolog imejengwa juu yake au kwa kuufuata, una eneo maalumu la kumbukumbu kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ndani ya tawi moja la utafutaji X ina thamani moja tu, bila mabadiliko. Ulichokiona ni matawi matatu tofauti, ila `write` iliyachapisha katika skrini moja yakaonekana kama historia ya kigeu kimoja.

Na `false` haikanushi jibu ulilopewa. Ulipobonyeza nukta mkato uliuambia mfumo ulichukulie jibu hilo kama limeshindwa. Njia panda iliyobaki ilikuwa ya Y, ikajaribiwa 3, `3 > 3` ikashindwa, staki ikawa tupu. Maana yake ni kwamba hakuna jibu jingine. Jaribu kuondoa sharti la `X > Y` na kuweka jumla ya 6: jibu la pekee litapatikana kwenye kanuni ya mwisho ya kila `namba`, hakutakuwa na njia panda iliyobaki, na SWI-Prolog, mmojawapo wa mifumo ya kuendeshea Prolog, itaweka nukta na kumaliza bila kukusubiri. Ule ukimya wa kusubiri baada ya jibu ni dalili kwamba staki bado ina kitu, si ahadi kwamba jibu jingine lipo.

---

mwalimu_wa_jioni amejibu:

Nyongeza fupi kwa aliyotangulia kuyasema fundi_msimbo. Kinachorudishwa nyuma ni thamani za vigeu peke yake. Mstari ulioandikwa kwenye skrini haufutiki, faili lililoandikwa haliandikuliwi, na taarifa iliyoongezwa kwa `assertz` hubaki kwenye hifadhi hata tawi lililoiongeza likishindwa. Wanafunzi wengi huweka `write` ndani ya kanuni ili waelewe utafutaji, kisha huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu wanachokisoma ni mabaki ya matawi yaliyokufa yakiwa yamepangwa sawasawa na tawi lililo hai. Kwa kujifunza, `trace` ni bora, au kuchora mti wa utafutaji kwa mkono kwenye karatasi, mradi programu iwe ndogo.

Tena, ili mfumo urudi nyuma ni lazima kitu kishindwe. Kanuni inayojiita yenyewe mwanzoni mwa mwili wake, kwa mfano `njia(A, B) :- njia(A, C), kiungo(C, B).`, inaweza kuzama bila kufika mwisho. Tawi hilo halishindwi, kwa hiyo njia panda zilizo nyuma yake hazifikiwi kamwe, hata kama moja yao ingetoa jibu papo hapo.

---

bi_hoja amejibu:

Maelezo ya milango minne ni mazuri na nisingependa kuyapunguzia thamani, lakini nadhani yanaacha sehemu ngumu zaidi ya swali la kwanza. Ndugu kigeu_huru hakuuliza tu mfumo unarudi wapi. Aliuliza kwa nini unarudi mahali pasipo na kosa, na hilo halitokani na ugeni wake. Ni udhaifu halisi wa utaratibu wenyewe, ambao wataalamu waliulalamikia tangu mwanzo. Prolog ilizaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, na mwaka huohuo, huko MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, Gerald Sussman na Drew McDermott waliandika kupinga kurudi nyuma kwa lazima katika lugha iliyoitwa Planner, wakidai kwamba kunamnyang'anya mwandishi wa programu uwezo wa kuongoza utafutaji na kunawaficha watu gharama yake.

Hebu tuangalie mfano unaolionyesha waziwazi:

```
watatu(X, Y, Z) :-
    namba(X),
    namba(Y),
    namba(Z),
    X > 2.
```

Sharti la mwisho linamhusu X peke yake. Hata hivyo, X ikiwa 1, mfumo utajaribu kila thamani ya Z kwa kila thamani ya Y, yaani mara tisa, na kila mara utapata kushindwa kulekule. X ikiwa 2 utarudia mara tisa nyingine. Kushindwa mara 18 kabla ya jibu la kwanza, na hakuna hata mara moja ambapo Y au Z ilikuwa na hatia. Ukiihamisha `X > 2` iwe mara tu baada ya `namba(X)`, kushindwa kunakuwa mara mbili tu. Kimantiki programu hizo mbili ni kitu kimoja, kwa kuwa mpangilio wa masharti yaliyounganishwa kwa "na" haubadilishi ukweli wake. Kiutekelezaji zinatofautiana mno, na tofauti hiyo huongezeka kwa kuzidisha kila unapoongeza kigeu. Ukijaribu kuitanguliza zaidi, kabla ya `namba(X)`, hupati jibu kabisa bali ujumbe wa kosa, kwa sababu `>` inadai kigeu chenye thamani.

Watu hupenda kufananisha kurudi nyuma na mtu anayetafuta njia msituni na kurejea kwenye njia panda anapofika mahali palipozibwa. Mfano huo unafaa kwa dakika tano za kwanza tu. Mtembezi anayerejea huja na habari: ameuona mto, anajua upande wote wa kushoto haupitiki. Prolog ya kawaida ikirudi haiji na chochote. Kila ilichojifunza katika tawi lililoshindwa hufutwa pamoja na thamani za vigeu, na ndiyo maana inaweza kugundua jambo lilelile mara 18 bila kuchoka. Anayeingia kwenye lugha hii akidhani kwamba kuna akili fulani inayochunguza sababu za kushindwa atashindwa kutabiri chochote.

Robert Kowalski aliliweka jambo hili katika mlinganyo mmoja mwaka 1979: algorithimu ni mantiki pamoja na udhibiti. Ahadi ya programu za mantiki ilikuwa kwamba mwandishi angeshughulikia nusu ya kwanza na kuiachia mashine nusu ya pili. Katika Prolog nusu ya pili haikuondoka. Ilihamia kwenye mpangilio wa kanuni ndani ya faili na mpangilio wa malengo ndani ya kanuni, mahali ambapo jicho lililofunzwa kusoma mantiki halitazami. Ugumu unaousikia, kwa maoni yangu, ni wa kulazimika kusoma maandishi yaleyale kwa namna mbili kwa wakati mmoja, huku namna mojawapo ikiwa haina alama zake.

---

kigeu_huru amejibu:

Ninawashukuru nyote. Nimeihamisha `X > 2` na kuhesabu, na imekuwa kama ulivyosema, Bi Hoja. Limebaki jambo moja. Mwenzangu alinishauri nimalize kanuni zangu kwa alama ya mshangao ili mfumo usirudi nyuma tena baada ya kupata jibu, na kweli ile `false` imetoweka. Lakini mnaonekana kuikwepa alama hiyo katika maelezo yenu. Kuna ubaya gani?

---

fundi_msimbo amejibu:

Alama hiyo hukata njia panda zote zilizowekwa tangu kanuni husika ilipoingiwa, pamoja na kanuni nyingine za jina hilohilo zilizokuwa zikisubiri zamu. Binafsi ninaitumia, na programu nyingi za kazini haziwezi kuepuka kuitumia, kwa kuwa staki inayojaa njia panda zisizohitajika hula kumbukumbu. Ubaya ni kuitumia ili kunyamazisha usichokielewa.

---

bi_hoja amejibu:

Ngoja nionyeshe ubaya wenyewe kwa kutumia programu yako. Badilisha sharti la jumla liwe `X + Y > 3` na uweke alama ya kukata mwishoni:

```
jozi(X, Y) :-
    namba(X),
    namba(Y),
    X > Y,
    X + Y > 3,
    !.
```

Bila alama hiyo kuna majibu mawili, 3 na 1, kisha 3 na 2. Ukiwa nayo, uliza kwanza `?- jozi(X, Y), Y =:= 2.` na utapata `false`, kwa sababu `jozi` ilichagua 3 na 1, ikachoma daraja nyuma yake, na Y iliyokuja haikuwa 2. Sasa uliza `?- Y = 2, jozi(X, Y).` na utapata X = 3. Maswali hayo mawili yanadai kitu kilekile kwa mpangilio tofauti, na yamepata majibu yanayopingana. Kabla ya hapo mpangilio ulikuwa unaathiri muda tu na utaratibu wa majibu. Sasa unaathiri ukweli. Ule usomaji wa kimantiki ulioutegemea mwanzoni, kwamba jozi ni X na Y zenye sifa fulani, hauielezi tena programu hii, na yeyote atakayeisoma atalazimika kuiiga mashine hatua kwa hatua.

Ukihitaji jibu moja tu, sema hivyo mahali unapouliza, kwa `once(jozi(X, Y))`, na uiache kanuni yenyewe ikiwa safi ili wanaohitaji majibu yote wayapate.

Na kama tatizo lako ni la namba kamili, basi ijaribu maktaba ya vikwazo iliyomo ndani ya SWI-Prolog kabla hujazama zaidi katika mbinu za kukata:

```
:- use_module(library(clpfd)).

?- [X, Y] ins 1..3, X #> Y, X + Y #= 5.
```

Jibu litakuwa X = 3, Y = 2, na hakuna hata njia panda moja iliyowekwa. Kutoka `X #> Y` mfumo unajua kwamba X haiwezi kuwa 1 wala Y kuwa 3. Kwa kuwa Y haizidi 2, jumla ya 5 inailazimisha X iwe 3, na hapo Y haina budi kuwa 2. Masharti yameandikwa kabla ya vigeu kuwa na thamani, jambo ambalo `>` ya kawaida ingelikataa. Kwa matatizo makubwa zaidi bado utahitaji kuita `label([X, Y])`, na hapo kurudi nyuma kutaanza tena kwa utaratibu uleule ulioelezwa juu, ila kila thamani inayojaribiwa itapunguza papo hapo zile zilizobaki kwa vigeu vingine, kwa hiyo matawi mengi yatakufa kabla hayajaota.

---

kigeu_huru amejibu:

Nimeijaribu kwa `watatu` pia, nikiweka `X #> 2` mwisho kabisa kama ilivyokuwa awali na `label([X, Y, Z])` baada yake. Jibu la kwanza limekuja bila kushindwa hata mara moja, na sikulazimika kuhamisha sharti lolote. Nitaendelea na `trace` kwenye ile ya kawaida hadi niweze kuandika orodha ya milango kwenye karatasi kabla ya kuiendesha.